Kikohozi cha Tumbame

Kikohozi cha Tumbame watu wa Kaimanda walikijua kama mtu anavyozijua hatua za wa nyumbani kwake. Kilianza alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni: kikavu, kikavu, kisha kile kirefu kama gogo la mvinje linalopasuliwa kwa kabari, kisha kimya, kisha pumzi ikiingia kwa mluzi. Wanawake wakijitundika mifuko yao ya kamba kichwani kwenda kuchimba viazi waliambiana, "Twendeni, kumekucha. Tumbame keshaamka." Ikawa hivyo miaka na miaka, hadi Tumbame alipokufa, wakamlilia, wakajipaka udongo, wakamzika mlimani penye mikadi. Na kabla ule udongo haujabanduka nyusoni mwao, kikohozi kikasikika tena, mle mle ndani ya nyumba yake.

Wa kwanza kukisikia alikuwa Alome, mke wa mwanawe. Alome alikuwa akiishi nyumba ile na mama mkwe wake tangu alipoolewa, maana mumewe Anjo alilala nyumba ya wanaume kama wanaume wengine wote. Ilikuwa nyumba ya chini, ya kuingia kwa kutambaa. Kuta zake zilikuwa za mbao mbili mbili, katikati zimeshindiliwa nyasi baridi isipenye. Moto ulikaa katikati, nguruwe walilala vizizini kule nyuma, na juu, paa la nyasi lilikuwa jeusi linang'aa kama limepakwa lami.

Kikavu, kikavu. Alome akakakamaa pale alipolala. Hakuthubutu kugeuza shingo kutazama pembeni, pale marehemu alipokuwa akilala. Kikaja kile kirefu. Ukaja mluzi. Ndipo alipotambua kwamba kikohozi kinatoka chini ya kwapa lake mwenyewe, kifuani kwa binti yake Relin, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka miwili.

Kingetoka kule pembeni, angepiga kelele. Kwa kuwa kilitoka kwa mwanawe, sauti ilimkauka.

Mtu akifa na kinyongo haondoki peke yake. Huzunguka karibu na moto wake akiwatazama walio wake mmoja mmoja, mpaka apate wa kumshika mkono. Na Tumbame alikufa na kinyongo, Alome alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Katika mvua za mwisho alikuwa ameleta mzigo wa kuni ambao haukukauka, na yule mama akaanza kulalamika hata kabla moto haujashika.

"Kuni gani hizi? Zinatoa maji kama mboga. Utaniua kwa moshi, wewe."

"Moshi haujamuua mtu, mama," Alome alimjibu, akipuliza makaa, macho yanamwagika. "Ungekuwa unaua, wewe ungeshakufa zamani."

Yule mama alikokota miguu yake iliyovimba hadi pembeni kwake, akampa mgongo. Haukupita muda akafa.

Na kulikuwa na lile tundu.

Pale alipolala Tumbame, ukutani, kwenye kimo cha uso wa mtu aliyeketi, alikuwa amechomoa nyasi na kukata mbao hata pakawa na uwazi wa kutosha bakuli. Mchana aliuziba kwa kitambaa. Giza likiingia na moto kukolezwa, alikitoa kile kitambaa, akaketi, akashika nguzo, akausukuma uso wake tunduni, akawa anaguna na kunong'ona humo kwa kitambo kirefu. Alome aliuona mgongo wake hivyo miaka yote, ukipanda na kushuka. Hakuna aliyemuuliza. Kila mtu Kaimanda alijua kwamba pale ndipo anapozungumza na wafu wake, mumewe na watoto wake wawili waliotangulia. Hata nguruwe wake jike, yule mkubwa mwenye sikio lililochanika, alipenda kulala mdomo wake umeelekea pale, na watu wakasema naye anasikiliza.

Siku aliyokufa, mwili ukiwa bado umelazwa juu ya majani na wanawake wanaomboleza, baba mkubwa wa Anjo, mzee Lambao, alikuja na udongo, maganda ya mkadi na vigingi. Akaliziba tundu. "Mlango wake ndio huu," alisema. "Tusimwachie wazi." Wote walishusha pumzi. Alome alishusha kuliko wote, maana hata ule upepo baridi wa usiku ulikoma.

Dada yake Anjo, Jenita, aliyeolewa upande wa pili wa bonde, alikuwa amekuja msibani na kichanga chake Josepin, akabaki, akikaa katika kibanda ng'ambo ya ua. Asubuhi ile alikuja akainama mlangoni, udongo wa matanga bado umemganda kwenye nyusi.

"Wifi, huyo mtoto anakohoa kama nani?"

"Anakohoa kama mtoto mwenye mafua."

"Mafua! Mimi nimenyonya kwa yule mama. Kikohozi chake nilikisikia nikiwa tumboni. Halafu unaniambia mafua?"

"Jenita, niache."

"Mimi nitakuacha," Jenita alisema. "Yeye je?"

Baada ya siku chache mbavu za Relin zikaanza kuingia ndani kila alipovuta pumzi, na tundu za pua zikawa zinachezacheza. Titi akalikataa. Anjo hakungoja la mtu. Alimtia mtoto katika mfuko wa kamba, Alome akajitundika kichwani, wakashuka, wakavuka daraja la magogo wakiwa wamelowa, wakapanda hadi zahanati.

Zahanati ilikuwa ya mabati na madirisha, haina moto, ina baridi ya kutosha na mablanketi mazito. Sista Damaris, mzaliwa wa mabonde hayo hayo, alisikiliza kifua cha mtoto, akamdunga sindano, akampa dawa ya maji. Kisha akauliza, "Moto wenu uko wapi?"

"Katikati ya nyumba, Sista. Kwani wa kwenu uko wapi?"

Sista akacheka. "Hapo hapo. Na moshi wake unatokea wapi?"

"Unatoka wenyewe, kwenye nyasi za paa."

"Na kabla haujafika kwenye nyasi, unapita wapi?" Sista akaweka kiganja juu ya kifua cha Relin. "Unapita humu. Mapafu ya mtoto ni laini. Ukirudi naye, asilale penye moshi."

"Alale wapi, Sista? Sakitu ya barafu imeanguka mwezi huu hadi majani ya viazi yameungua. Nimlaze nje?"

Sista alikunja kile chombo chake cha kusikilizia. "Mama yangu mwenyewe analala hivyo hivyo," alisema. "Nimemwambia mpaka nimechoka. Hata mimi sijui nimwambie alale wapi."

Relin akapona. Alinyonya, akatambaa sakafuni, akamng'ata Sista kidole, watu wakacheka. Kikohozi kilikatika kabisa, kama kamba. Wakamrudisha nyumbani wakiwa na furaha, Anjo akipiga mbinja njia nzima.

Mzee Lambao aliwapokea uani. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, yanachuruzika kope zikashikana, na alipotaka kumwona mtu vizuri aliyafungua kwa vidole. Akayafungua, akamtazama mtoto.

"Ng'ambo ya mto amepona?"

"Amepona, baba mkubwa," Anjo alisema. "Ni sindano."

"Sindano, sawa. Sikatai sindano. Lakini na maji je, umeyafikiria? Mzimu hauvuki maji yanayokimbia. Kule yule mama hakumfikia, ndiyo maana mtoto akapumua. Sasa mmemrudisha upande wake." Akatikisa kichwa. "Sikilizeni. Moto usizimike wala usipungue. Tieni matawi mabichi, ufuke hasa. Wafu hawapendi moshi. Ndiyo maana nyumba zetu zina moshi na makaburi hayana. Na kila mwanya, zibeni. Hata ule wa kupita kidole."

Alome alikumbuka kiganja cha Sista juu ya kifua cha mtoto. Alitaka kusema. Lakini Jenita alikuwa amesimama pale anamtazama, na Alome akayakumbuka na maneno yake mwenyewe, *moshi haujamuua mtu, mama*, akaona mdomo wake hauna haki ya kusema lolote kuhusu moshi katika nyumba hiyo. Akaenda kukata nyasi. Mchana kutwa walishindilia, yeye na mumewe, hata mwanga wa jua haukupata pa kupenya.

Wakakoleza moto wa mvinje mbichi. Moshi ulijaa kutoka juu, ukashuka, ukafika kiuno, mtu akitaka kuona miguu ya mwenzake hulala chini. Alome alilia machozi asiyokuwa na habari nayo. Kichwa kilimgonga. Na viazi alivyochimba siku ile aliyorudi vilikuwa havijaisha, kikohozi kikarejea kwa Relin: kikavu, kikavu, kile kirefu, mluzi.

Safari hii Alome aligeuza shingo.

Pale pembeni, mbele ya tundu lililozibwa, moshi ulikuwa umejikusanya. Kwingine ulitembea, pale ulisimama. Ulikuwa na mgongo. Ulikuwa na mabega, yanapanda na kushuka polepole kila moto ulipohema, na umeelekeza uso ukutani kama yule mama alivyokuwa akiketi siku zote. Relin akakohoa. Na kutoka kule nyuma gizani, kikohozi kingine kikamjibu, kizito, cha kifua kikubwa.

Alome alimfumbata mtoto kifuani, akajifunika majani ya kulalia, akaomba kwa jina la Yesu na kwa jina la baba yake. Kulipopambazuka alichungulia kizizini, akamwona yule nguruwe wa sikio lililochanika anakohoa, povu mdomoni. Hakupata nafuu kwa kujua hivyo. Mzimu unaweza kumpanda hata nguruwe.

Kila usiku ukawa ule mgongo pembeni. Kila asubuhi mtoto amepungua. Mwishowe Alome alimwambia mumewe, na Anjo akaketi nje ya mlango ameshika kichwa.

"Alome, mimi sijui ya mizimu wala ya sindano. Ninachojua, mwanangu anavuta hewa kama mtu anayezama. Baba mkubwa amesema tumpe mama nguruwe wake, ashibe, atuache. Kesho tunamchinja. Kesho kutwa, akiwa bado hivi, nitamrudisha kwa Sista hata kama mto umejaa."

"Na kama mama hatashiba?"

Anjo alisimama akaenda kuwatafuta vijana wa kukusanya mawe ya shimo la kuokea nyama.

Mchana wa siku ya pili yake mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Wanaume walikuwa chini ya mabanda wanapasua kuni za kuokea. Alome alikuwa ndani peke yake na mtoto, moto unafuka, mlango umefungwa kwa mbao zake zote. Relin alikuwa hakohoi tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa anahema tu, upesi upesi, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Alome alimwita jina lake. Mtoto alimtazama kana kwamba anamtazama mtu aliye ng'ambo.

Ndipo aliposikia mbao zinapasuka. Yule nguruwe alikuwa amevunja kizizi. Alipita kando ya moto bila hata kutazama maganda ya viazi, akauendea ule mgongo wa moshi pembeni, akaingia ndani yake, akaanza kuuchimba ukuta kwa pua. Vigingi vya Lambao viling'oka. Udongo ulianguka mabonge mabonge. Alome alinyakua mti wa kuchokolea moto. Anamwita, alifikiri. Mwenye nyumba anamwita nguruwe wake amfungulie.

Aliinua mti ampige, na kitu baridi kikampiga yeye usoni.

Kilikuwa ni upepo, upepo mtupu wa mvua, wenye harufu ya majani. Na yule aliyekuwa ameketi pale pembeni akainama. Alome alimwona kwa macho yake. Aliinama, mabega yakalegea, akawa mwembamba, akanyooka kama uzi kuelekea tunduni, akatoka.

Hakujua alisimama hapo muda gani na mti wake mkononi. Nguruwe alikuwa amechomeka pua yake nje, anavuta pumzi kwa nguvu hata mbavu zinavimba. Wazo lilimjia Alome bila maneno. Alimchukua Relin, akapiga magoti, akamsukuma nguruwe kwa paja.

"Sogea, mama," alimwambia. Akasikia alichosema, nywele zikamsimama. Lakini nguruwe alisogea.

Akauweka uso wa mtoto pale wazi. Matone ya mvua yalimrukia Relin kwenye kope, naye akashtuka, akafungua mdomo, akavuta. Akavuta tena. Alome aliegemea, akautia na uso wake mwenyewe kando ya ule mdogo, na mkono wake ukatafuta pa kushika ili asianguke. Ukapata nguzo. Nguzo ilikuwa laini kama mpini wa jembe kuukuu, na ilikuwa imebonyea mahali pa vidole, kimoja kimoja. Vidole vyake vilikaa humo sawasawa.

Hewa ilikuwa tamu hata inauma. Alijisikia akiguna. Haaa. Haaa. Pumzi ilipita kooni kwake ikitetemesha midomo, na mtu aliyekaa nyuma yake angedhani ananong'ona. Akanyamaza ghafla.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya Tumbame na wafu wake. Hakukuwa na mtu nje. Miaka yote ile mwanamke alikuwa anaomba hewa, na mkwewe amelala nyuma yake, anautazama mgongo.

Jenita ndiye aliyefungua mlango, na kelele yake ilisikika hadi mabandani. "Njooni! Wifi amelifungua! Wifi amemfungulia mama!"

Lambao na Anjo waliingia wakitambaa, wanachuruzika maji. Moshi ulikuwa umepungua hata wakaonana nyuso.

"Nani amefungua hapo?" Lambao aliuliza.

"Nguruwe."

"Nguruwe! Na wewe umeketi hapo unangoja nini? Ondoka, mpe mtoto baba yake. Anjo, lete udongo."

"Hauletwi udongo," Alome alisema. Hakuwahi kumjibu yule mzee hivyo, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Baba mkubwa, nikuulize jambo moja, kisha unipige ukitaka. Siku ile ulipoliziba tundu hili, marehemu alikuwa wapi?"

"Alikuwa wapi! Alikuwa amekufa."

"Mwili wake ulikuwa wapi?"

"Si hapo ulipoketi? Ulikuwa hapo, umelazwa. Wewe mwenyewe ulikuwa unalia hapo."

"Kwa hiyo alikuwa ndani."

"Alikuwa ndani, ndiyo."

"Basi, baba mkubwa, ulipoziba mlango wake, ulimzuia asiingie, au asitoke?"

Mzee Lambao aliyafungua macho yake kwa vidole, akalitazama tundu, kisha akautazama udongo uliomwagika. Jenita alijishika mdomo.

"Mama alikuwa humu?" alisema kwa sauti ndogo. "Siku zote hizi? Tulimfungia humu na moshi?"

"Ametoka leo," Alome alisema. "Nimemwona akitoka."

Alikuwa hasemi uongo, na alikuwa hajui kama anasema kweli. Alimkumbatia Relin, akasubiri. Anjo alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto, sikio kifuani kwake.

"Anapumua," Anjo alisema. "Baba mkubwa, sikiliza. Amepunguza ile mbio."

Lambao alikaa chini kwa mara ya kwanza. Alionekana mzee sana. "Liacheni wazi," alisema. "Aliyetoka asikute tena pamezibwa, akadhani tunamfukuza. Lakini nguruwe achinjwe. Keshazoea kuwafungulia watu milango, huyo."

Nguruwe akachinjwa jioni ile. Alome alipewa kipande cha mgongo, akakitafuna muda mrefu kabla hakijakubali kushuka. Asubuhi, daraja likiwa limesombwa, Anjo alimvusha mtoto mto uliojaa, maji ya kifuani, akamfikisha kwa Sista, sindano zikaanza tena. Waliporudi, mtoto ana mashavu, watu wote wa Kaimanda walisema ni mafuta ya nguruwe yaliyomshibisha marehemu. Alome hakubishana nao. Alimlaza Relin pembeni kwa Tumbame, chini ya tundu, amemviringisha blanketi hadi kidevuni. Kuni mbichi hakuziingiza tena ndani. Wanawake wakawa hawaingii kwake kupiga soga. Walisimama mbali na ukuta ule na kuongea haraka haraka.

Halafu alfajiri moja akakisikia.

Kikavu, kikavu. Kile kirefu. Mluzi.

Aliweka mkono kifuani kwa mtoto. Kifua kilikuwa kimetulia, kinapanda na kushuka kama maji ya dimbwi. Vizizi vilikuwa kimya. Kikohozi kikaja tena, na safari hii Alome alijua kinapita wapi. Kilikuwa kinaingia kwa tundu.

Aliketi, akashika nguzo, akatoa uso wake nje. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na kila paa la Kaimanda lilikuwa linafuka moshi taratibu kwenye nyasi zake, kama mgongo wa mnyama aliyekimbizwa. Kikohozi kilitoka nyumba ya wanaume: huyo Lambao. Kikatoka nyumba ya huko chini, ya mwanamke mmoja aliyesomesha katekisimu. Kikatoka kwa mjane wa kando ya kijito. Vyote vilikuwa vile vile, vikavu, virefu, na mluzi mwishoni, kimoja kinamwachia kingine zamu. Kuta za mbao mbili na nyasi katikati zilikuwa zimekimeza cha kila mtu miaka yote hiyo. Cha Tumbame tu ndicho watu walichokisikia, kwa kuwa chake kilikuwa na pa kutokea.

Kisha kikaja kimoja kidogo, cha karibu, kutoka kibandani kwa Jenita. Josepin. Kikavu, kikavu. Alome alizuia pumzi akingoja kile kirefu. Hakikuja. Kilikuwa bado hakijajifunza.

Alichukua panga, akatambaa nje. Sakitu ilimkata nyayo alipovuka ua. Akagonga mbao za mlango kwa ubapa wa panga.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?" Sauti ya Jenita ilikuwa imejikunja kwa hofu. "Ni wewe, wifi, au ni mama?"

Alome alifungua mdomo kumjibu. Baridi ilimwingia, kifua kikamkamata, akainama akishika ukuta, akakohoa: kikavu, kikavu, kisha kile kirefu, na pumzi ikamrudia kwa mluzi. Kule ndani, kichanga kikaitikia. Jenita alisikika akiburuta gogo, akiongezea mlangoni.

Alome alijifuta mdomo. Akazunguka nyuma ya kibanda, akipapasa mbao kwa kiganja, mpaka akapata kiungo kilichofikia uso wa mtu aliyeketi. Akaingiza ncha ya panga.

"Jenita," aliita, "mwondoe mtoto hapa ukutani asiangukiwe na kitu. Natoboa."